Ngozi ya Uyoga wa Misonobari

Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipoliharibu jina la mama yangu, na kwa miaka ishirini na miwili sikumwambia mtu. Msinidhanie kwamba nilikesha nikilia. Nililala vizuri tu. Nilikula, nikasoma, nikajifunza cherehani, nikaolewa, nikaachika, nikafungua kibanda cha kushona nguo za harusi sokoni Kamembe. Ganzi inamfaa sana mtu mwenye kazi nyingi. Lakini mwaka huu, mvua za Septemba zilipoanza, mama alikuwa amelala chumba cha mbele, tumbo lake limekataa chakula, na daktari alikuwa ametuambia kwa sauti ya upole tumrudishe nyumbani. Nikajua kwamba kama nina la kumwambia, ni sasa.

Kosa langu lilikuwa la uyoga, kwa hiyo lazima nianze na uyoga wenyewe.

Baba alifanya kazi katika kitalu cha miti upande wa Giheke. Walikuwa wakiotesha misonobari, ambayo huku watu wote wanaiita pinusi. Si miti ya kwetu, ililetwa, na baba alipenda kusimulia jinsi ilivyowasumbua mwanzoni. Mbegu ziliota vizuri, kisha miche ikasimama pale pale. Ikawa ya njano, haikui wala haifi. Wakubwa wa kazi wakamtuma kwenye shamba la zamani la misonobari achote udongo wa chini ya miti mikubwa, magunia mawili, aje auchanganye na udongo wa kitalu. Baada ya muda miche ikaamka, ikawa kijani. Ndani ya udongo ule, baba alisema, kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wowote wa dukani. Nyuzi hizo ndizo uyoga wenyewe. Kile tunachochuma juu ya ardhi ni tunda lake tu. Zinajifunga kwenye ncha za mizizi ya msonobari, zinauletea maji na chumvi za ardhini ambazo mti hauwezi kuzifikia peke yake, na mti unazilipa kwa sukari inayotengenezwa na majani.

“Bote babili banalishana,” alikuwa akisema. “Kata pinusi, na buyoga hutabuona tena.”

Alisema hivyo kila mwaka, kwa maneno yale yale, na kila mwaka mimi na mama tuliitikia kama watu wanaosikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa baba mzuri, ila alikuwa na hadithi tatu tu.

Mvua zikishanyesha wiki mbili hivi, uyoga ule ulitokeza kwenye majani ya msonobari yaliyoanguka, yale membamba tunayoyaita sindano, mmoja hapa, kundi kule, daima chini ya misonobari na si penginepo. Chini ya mikaratusi ya jirani hukuuona hata mmoja. Kichwa chake ni cha rangi ya mkate uliokolea moto, na mvua ikinyesha kinakuwa na ute, kinateleza mkononi, sindano za msonobari zinanata juu yake usiweze kuzibandua. Ukikigeuza, huoni zile kurasa nyembamba zilizo chini ya uyoga wa kichuguu ambao kila mtu huku anaujua na kuupenda. Unaona sponji ya njano yenye matundu madogo. Ukiwa bado mchanga, matundu hayo yanatoa matone meupe kama maziwa.

Kwa sababu ya sponji na ute, watu wa Kamembe hawakuutaka. Waliuita uyoga wa makamasi. Mama yangu, ambaye alikuwa mpishi asiyekubali kushindwa na kitu kinacholiwa, aliujulia. Unabandua ngozi yote ya juu, ile yenye ute, unaing'oa sponji ya chini, unabaki na nyama nyeupe inayoelekea njano. Unaikata, unaichemsha, unamwaga maji, ndipo unakaanga kwa vitunguu, nyanya na mafuta ya mawese. Ngozi ndiyo inayochafua tumbo. Si la kila mtu, wengine wanaila na wanaendelea na safari zao, lakini wengine inawaangusha kitandani. Mama alinifundisha hilo kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe.

Kulikuwa na tatizo moja la kazi hiyo. Ute ule unapokauka kwenye vidole unageuka kuwa doa la kahawia, halafu jeusi, na sabuni haliogopi. Limau linalipunguza kidogo. Ukimenya kikapu kizima, unatembea na vidole vyeusi siku tatu, nne.

Sasa niseme juu ya kuonja. Huku kwetu mpakani, upande huu wa mto Rusizi na upande wa pili, wa Bukavu, mtu hampi mgeni chakula au kinywaji bila kuonja kwanza mbele ya macho yake. Watu wanaogopa sumu. Sijui ni wangapi kweli wameuawa na sumu na ni wangapi wameuawa na malaria ikasingiziwa sumu, lakini woga upo, na kuonja ni adabu kama kusema karibu. Mama alionja kwa madaha. Alipika harusi za Waislamu wote wa Kamembe, na wengine walimwita hadi Bukavu, akavuka daraja la Rusizi ya Pili na miiko yake imefungwa kwenye kitenge. Kabla ya sinia la kwanza kutoka, alisimama mbele ya wazee, akachota juu ya sufuria, akala, akatafuna taratibu, akasema, “Bismillahi, karibuni.” Nilikuwa nikimtazama nikiona hakuna mtu mkubwa kuliko yeye.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mama wa bi harusi mmoja alikuwa anakuja na dada yake kupanga mapishi ya harusi ya juma lililofuata, na mama aliwaalika chakula cha mchana ili waonje mkono wake. Baba alikuwa ameleta kikapu cha uyoga jana yake. Mama akaniachia kikapu, kisu na beseni, akaenda kushughulika na wali na maharage.

Alasiri hiyo hiyo nilikuwa nimechaguliwa kusoma Kurani chuoni mbele ya wazazi. Mara ya mwisho niliyomenya uyoga nilikwenda chuoni na vidole vyeusi, na wasichana wakaniuliza kama siku hizi natengeneza baiskeli. Walicheka mpaka mwalimu akaja. Nilikuwa na kiburi, nilikuwa na kanzu mpya, na nilijiona tayari nimekaa mbele ya watu wote, msahafu mbele yangu, kidole kinafuata mistari, kidole kama cha fundi.

Nikamenya vichwa vinne au vitano kwa ncha za kucha. Vilivyobaki nilivishika kwa jani la mgomba, nikavifuta sindano, nikavikata vipande bila kuvimenya. Sponji niliiondoa, kwa sababu ile haichafui vidole. Ngozi niliiacha. Nikavichemsha na kuvikaanga mafungu mawili, kwa viungo alivyonipimia mama; vipande vyenye ngozi nikaviweka ndani ya sufuria, chini kabisa, vile safi nikavitandaza juu. Nikanawa. Vidole vyangu vilikuwa safi kabisa na nilifurahi. Sitaki kusema nilisahau, au nilichoka, au nilikuwa mtoto sikujua. Nilijua.

Wageni wakaja, wakanawa. Mama akachota juu ya sufuria mbele yao, akala, akasema bismillahi yake. Kisha, kwa sababu mgeni ni mgeni, akazamisha mwiko hadi chini kulikokuwa na vipande vinono, akampakulia mama wa bi harusi sahani ya kujaa. Dada mtu alisema yeye uyoga haumwendi, akala maharage. Mama wa bi harusi alikula akamaliza, akaomba tena, akapewa tena. Sisi tulikula maharage yaliyobaki. Alasiri nilisoma vizuri. Mama alikuwa amekaa safu ya pili, na tuliporudi nyumbani alinishika mkono njia nzima, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Usiku huo mama wa bi harusi alitapika na kuharisha mpaka wakampeleka hospitali wakamtundikia maji. Siku ya tatu alikuwa amesimama. Hakufa, hakudhurika, na mwenyewe, kwa ninavyojua, hakumsema mama kwa ubaya. Ni dada yake aliyesema. Alisema maneno machache tu, lakini kwetu yalitosha: yule mama alionja juu akapakua chini.

Hakuna aliyekuja kwetu kugombana. Kama wangekuja, mama angewajibu, maana mdomo alikuwa nao. Harusi ikapikwa na mwingine. Iliyofuata pia. Watu walimsalimia kama kawaida, wakamuuliza hali ya baba, wakapita. Akikaribisha mtu chai, mtu amekunywa sasa hivi. Akikaribisha chakula, mtu amefunga, na sisi tunamwona jioni ile ile anatafuna muhindi wa kuchoma njiani.

Ramadhani ilipofika, mama alituma futari kwa majirani kama alivyofanya miaka yote. Mimi ndiye niliyebeba sahani. Zilirudi haraka mno, zimeoshwa zinang'aa. Siku ya nne nilichelewa kidogo kwenye ua wa jirani, nikamwona anamwaga maandazi ya mama na mchuzi wake kwenye shimo la takataka, kisha anasugua sahani yetu kwa majivu. Alisugua kwa bidii sana. Nikarudi nyumbani, mama akauliza, “Banasema nini?” Nikamwambia wanasema asante. Aliendelea kutuma mpaka Idd. Mwaka uliofuata hakutuma.

Baba alikuwa amesikia yanayosemwa. Jioni moja aliniuliza mbele ya mama, akiniita maman kama mabinti wa huku wanavyoitwa kwa upendo, “Maman, ile siku ulimenya buyoga bwote?”

“Ndiyo, papa.”

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Baba alisema basi, pengine tumbo la yule mama ni dhaifu, na hatukuzungumza tena juu yake. Tangu siku ile baba hakuleta tena uyoga nyumbani, ingawa kila mvua aliendelea kupita juu yake akienda kazini.

Mama akaweka sufuria kubwa juu ya kabati, akaanza kudarizi kofia za wanaume. Kofia haionjwi. Alikuwa na mkono mwepesi, kofia zake ziliuzwa mpaka Bukavu, na mimi nikajifunzia sindano miguuni pake. Watu wananisifu kwamba nimerithi ufundi wa mama. Huwa nasema asante. Mama yangu hakuwa mshonaji, alikuwa mpishi, na aliyemfanya mshonaji ni mimi.

Kwa nini sikusema? Mwanzoni niliogopa kipigo. Baadaye niliogopa kwamba hatanipiga. Baadaye zaidi nilikuwa sisikii tena kitu, kama mguu ulioukalia muda mrefu, na mtu haondoki kwenye kikao kwa sababu ya mguu usiouma. Baba akafa miaka mitatu iliyopita. Niliandaa kila kitu cha mazishi, nilihesabu mpaka mikeka, na watu wakanipa pole wakasema nina moyo mkubwa. Sikulia. Nilikuwa naangalia nani anakula chakula cha matanga kilichopikwa nyumbani kwetu. Kilikuwa kimepikwa na mpishi wa kukodi, kwa hiyo walikula.

Basi mwaka huu mama akaugua, akawa anakunywa uji vijiko viwili na kugeukia ukutani. Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, dirisha liko wazi, akasema bila kunitazama:

“Minatamani bule buyoga bwa papa yako.”

Miaka ishirini na miwili neno hilo halijatamkwa ndani ya nyumba ile. Nilikuwa na satini nyeupe ya bi harusi mezani, mita sita, ya kukabidhiwa Ijumaa. Nikaikunja, nikaivalisha mfuko, nikatafuta pikipiki ya kwenda Giheke.

Sehemu kubwa ya misonobari ya baba imekatwa. Visiki vimebaki, na kati yake watu wamelima viazi. Nilizunguka kwenye visiki nikitafuta, ingawa sauti ya baba ilikuwa inaniambia kichwani nisijisumbue. Kweli hapakuwa na hata mmoja. Juu karibu na barabara imebaki mistari mitatu, miti mikubwa inayodondosha maji. Hapo ulikuwepo. Nilipiga magoti kwenye sindano, nikakata miguu ya uyoga kwa kisu, nikaacha ule uliozeeka na kuingiwa na funza. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na jembe akasimama.

“Ibyo si bya kula, mama,” akanionya. “Binatoa makamasi.”

Nikamwambia nitavimenya.

Nyumbani nilikaa uani na beseni. Nilimenya kila kichwa. Ngozi ikitoka vizuri inabanduka vipande virefu, ikikataa unaikwangua. Nilimenya mpaka pembeni kabisa, mpaka pale inapokunjika kuelekea kwenye sponji. Kikapu kilichukua muda mwingi kuliko nilivyokumbuka, au pengine sikuwa na cha kukumbuka, kwa kuwa kile cha mwisho sikukimaliza. Vidole vyangu vikaanza kunata, vikawa vya kahawia, nilipofika chini ya kikapu vilikuwa vyeusi hadi kwenye fundo la pili. Nikawaza satini ya watu. Nikawaza pia namna nitakavyoanza. Nilikuwa nimeyapanga maneno: mama, kuna jambo, ile Jumamosi. Nikachemsha, nikamwaga maji, nikakaanga vitunguu, nyanya, mawese. Mikono ilifanya kazi, kichwa kilikuwa kwenye yale maneno.

Nikaweka kidogo kwenye sahani, pamoja na kijiko, nikaingia. Nilimwinua, nikamwekea mito mgongoni. Alikuwa mwepesi. Nikashika kijiko ili nionje mbele yake, kwa sababu hata kwa mama yako unaonja, na kwa mama yangu mimi zaidi ya mtu yeyote nilipaswa kuonja.

“Mama,” nikasema. “Ile siku ya Jumamosi.”

Akanyoosha mkono, akanishika kiganja kabla kijiko hakijafika mdomoni. Akakigeuza kiganja. Akatazama vidole vyangu kimoja kimoja, juu na chini, kama anavyotazama kazi ya sindano ya mtu mwingine.

“Leo umebumenya,” akasema.

Hakuniachia kiganja.

“Ile siku bidole byako bilikuwa byeupe. Ulikuwa unasoma pale mbele ya batu, na mimi minaangalia bidole tu. Nikasema, huyu mutoto hakumenya.”

Ndiyo sababu alinishika mkono njia nzima. Nilikuwa nimeitunza safari ile kama siku ambayo mama alijivunia mimi.

“Kwa nini hukusema?” nikauliza. Sauti ilitoka kavu, kama namuuliza mteja mbona hakuja kupima. “Ungewaambia ni mtoto. Wangekuelewa.”

“Bangeelewa nini? Bangesema ni weye. Mutoto mwanamuke, miaka kumi na moja, anajua kuficha kitu chini ya sufuria. Nani angekuoa? Nani angekula kwako?” Akapumua. “Mimi nilikuwa nimeshapika harusi mingi, maman.”

Nilitaka kulia, nasema wazi, nilitaka sana. Hakuna kilichotoka. Nilihisi tu kitu kinatembea miguuni, ile michomo midogo ya mguu unaoamka, na ilikuwa inauma.

Akachukua kijiko mkononi mwangu. Nikamwambia, “Subiri, mama, sijaonja.” Hakunisikiliza. Akachota, akala, akatafuna taratibu kama zamani mbele ya wazee. Akachota tena. Alikula vijiko vinne, vingi kuliko alivyokula kwa mlo wowote wiki nzima, kisha akanirudishia sahani na kijiko.

“Sasa onja na weye.”

Nikaonja. Haukuwa na chumvi. Sikuweka hata chembe, nilikuwa nimeisahau kabisa. Na mpishi wa harusi zote zile alikuwa amekula vijiko vinne, ananitazama machoni, bila kusema.